Uzi: Programu gani rahisi ya kurekodi vipande vya gitaa nyumbani kabla havijakukimbia kichwani?

Mtoa mada

Wakuu habari za jioni. Kichwa cha uzi kinajieleza ila ngoja niwape mkasa wenyewe maana ndio ulionileta humu.

Juzi Jumapili niko jikoni nakaanga mihogo, gitaa liko sebuleni, mara ikanijia melodi, yani ile unayoisikia tu unajua hiki hapa ni kiitikio. Nikazima jiko nikakimbilia lepitopu. Lepitopu yangu ya zamani, RAM 4, kuwaka kwake ni mpaka ujisikie kupika chai. Ikawaka, ikasema inafanya apdeti nisizime, nikasubiri, nikafungua ile programu niliyowekewa na jamaa yangu ambayo maprodyuza wanatumia, ina vitufe utadhani uko kwenye chumba cha rubani, ikaniuliza projekti ya aina gani, nikachagua yoyote, nikahangaika kutafuta maiki inaingilia wapi, baadae nikaona mistari inacheza nikafurahi, kumbe inarekodi feni ya lepitopu yenyewe. Nilipokuja kushika gitaa kichwani kumebaki kodi (chord) ya G na ya C, ambazo hata mtoto aliyeanza jana anazo. Mihogo nayo imekunywa mafuta yote.

Sasa wakuu mimi sio prodyuza na sina mpango huo. Nauza spea za pikipiki mchana, usiku napiga gitaa kavu. Ninachotaka ni kukamata wazo, labda nipige gitaa la pili juu yake halafu niimbe ovyo ovyo, basi, likikomaa naenda studio wenye kazi yao wafanye. Nina hiyo lepitopu, nina simu ya Android ya kawaida, nina hedifoni za waya. Intafesi, kile kiboksi cha kuchomekea gitaa au maiki kwenye kompyuta, sina na kwa sasa sinunui. Nipeni programu moja tu, msinipe orodha.

Kamba Sita

Pole na mihogo mkuu.

Nikuambie kitu, hapo swali sio programu gani, swali ni sekunde ngapi. Hesabu kuanzia wazo limekuja mpaka kitufe chekundu kimebonyezwa. Kama inazidi sekunde kumi hiyo programu haikufai hata kama inatumiwa na studio kubwa Marekani, kwa sababu melodi mpya haina subira, ukisikia tu honda inapita nje na redio ya jirani imeshafutika.

Kwa hiyo ya kwanza ni rekoda iliyomo kwenye simu yako. Sio voisi noti ya WhatsApp!! Hapa wengi wanakosea. Voisi noti imetengenezwa kwa ajili ya mtu anayeongea, na simu nyingi ukiongea zinapunguza kelele zenyewe, sasa gitaa kwake ni kelele, utakuta ukipiga kodi ukaiacha ilie, mkia wa sauti unamezwa na volyumu inapanda na kushuka kama mtu anachezea kitufe. Fungua rekoda yenyewe, ingia kwenye mpangilio, chagua ubora wa juu, na kama kuna kitu cha kupunguza kelele kizime.

Simu usiielekeze kwenye tundu la gitaa, pale panatoa mvumo tu. Ielekeze pale shingo inapokutana na tumbo, karibu na freti (vile vichuma vya kukatiza shingo) ya 12, umbali wa shibiri moja hivi au moja na nusu, iegemeze kwenye mto ili isipokee mtikisiko wa meza.

Na kabla hujapiga ONGEA. Sema "kapo freti ya pili, shepu ya G, mwendo wa taratibu, mkono wa kulia navuta vidole". Sekunde nne tu. Mwezi ukipita utanishukuru, maana hakuna kitu kinauma kama kusikia kitu ulichopiga mwenyewe na huwezi kukipiga tena hujui uliweka kapo, kile kibanio cha shingoni, wapi au kamba ya E ya juu uliishusha ikawa D.

Mtoa mada

Mkuu rekoda naitumia siku nyingine ila tatizo nina mafaili kama mia mbili yameandikwa Sauti 001 mpaka huko, nikitafuta kitu nakata tamaa. Halafu kupiga gitaa la pili juu yake haiwezekani. Ila hiyo ya kuongea kwanza nimeielewa sana.

Dada Besi

Habari kaka. Mimi napiga besi kwaya yetu kanisani Tabata na vitu vyote vya kwaya nafanyia Audacity, nina miaka nayo. Ni ya bure kabisa, imekuwepo tangu 2000, inakaa Windows, Mac na hata Linux, na lepitopu ya RAM 4 inaiweza. Raha yake ni kwamba haina mambo mengi. Ukiifungua unabonyeza herufi R inarekodi, spesi inasimama. Ukitaka gitaa la pili unashika Shift na R, inafungua traki mpya chini huku ya kwanza inacheza masikioni. Kwa kitu unachotaka wewe imetosha.

Lakini nikupe na ubaya wake maana ulinigharimu machozi. Zamani Audacity ilikuwa inasevu vitu viwili, faili dogo lenye .aup na folda pembeni limeandikwa jina hilohilo na _data mwishoni. Sauti zote ziko kwenye folda, lile faili ni kama ramani tu. Mimi sikujua. Lepitopu ikaleta shida, fundi akasema tunapiga Windows upya hamisha vitu vyako, nikachukua yale mafaili madogo nikaweka kwenye flashi nikashangaa mbona mepesi hivi, nikasema labda ndio teknolojia. Nyimbo kumi na moja za Pasaka. Nilipofungua ziko traki tupu, mistari imenyooka kama barabara ya Dodoma. Kuanzia toleo la 3.0 la 2021 wamebadilisha, kila kitu kinakaa kwenye faili moja la .aup3 kwa hiyo hilo limeisha, ila ukikutana na projekti ya zamani ya mtu mwambie akupe na folda.

Na ukimaliza wazo toa faili la sauti la WAV hapohapo, usiache ndani ya projekti tu.

Chalii wa R

Mbona mnamchosha mzee, BandLab hiyo ipo kwenye simu, bure, ina traki, ina metronomu ya kukugongea mapigo na tyuna ya gitaa ndani, unapiga gitaa unaongeza ngoma unaongeza sauti unamaliza uko kwenye daladala. Mambo ya lepitopu ya nini.

Kamba Sita

Chalii uko sahihi na mimi ninayo, ila kuna mambo mawili. Inapenda bando, kazi zako zinapanda kwenye seva zao, kama mtandao wako ni wa kubembeleza utachoka. La pili ni mimi mwenyewe labda, ikinionyesha vile vibiti na maloopu nasahau nilichokuja kufanya, nimefungua nirekodi gitaa nusu saa baadae natafuta mlio wa hai-hati ya ngoma. Kwa mtu asiye na lepitopu kabisa ningempa hiyo bila kufikiria. Wenye iPhone wao wana GarageBand bure, wasisumbuke na huu uzi.

Na hiyo aliyowekewa mtoa mada kama ni FL Studio, sio mbaya, biti za bongo fleva kibao zimepikiwa humo, ila ilianza kama FruityLoops ya kupanga biti ndio maana ukiingia unakutana na vitufe vya ngoma kabla ya maiki. Halafu ile ya majaribio unasevu vizuri tu, kesho ukitaka kufungua projekti yako inakuambia nunua kwanza. Kwa wazo la wimbo huo ni mtego.

Mzee wa Rivasi

Vijana salaam. Nimesoma nikacheka.

Sisi kitendea kazi kilikuwa redio kaseti, unabonyeza REC na PLAY kwa pamoja, ukikosea kubonyeza umefuta harusi ya dada yako. Na wazo lilikuwa halipotei. Mnajua yule Jean Bosco Mwenda wa Katanga, gitaa moja, vidole viwili vitatu, anaimba Kiswahili? Mwaka 1952 Hugh Tracey, yule mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi kule Jadotville, siku hizi Likasi, mtu mmoja na gitaa lake, na mpaka leo wapiga gitaa wanakesha kutafuta vile vidole vilikuwa vinapita wapi. Hapakuwa na traki arobaini.

Nalosema ni hili, huyo kijana akipata programu ajiwekee mwisho traki nne. Kuna kile kimashine cha Tascam, Portastudio, kilitoka 1979, kaseti ya kawaida lakini inashika traki nne, watu walimaliza nyimbo nzima mle. Nne zinatosha kwa muziki wetu wa dansi, rithim, solo, besi, sauti. Ukiona unataka ya tano ujue wimbo wenyewe haujakaa unatafuta pa kuuficha.

Dada Besi

Shikamoo mzee wangu. Hiyo ya tano umenigusa.

Mzee wa Rivasi

Marahaba binti. Besi isikae nyuma sana.

Fundi wa Mitambo

Nimechelewa kuingia. Audacity nzuri lakini kwa mtu anayepiga juu ya alichopiga mimi nasema REAPER. Imetengenezwa na Cockos, jamaa yuleyule Justin Frankel aliyetengeneza Winamp, kama unaikumbuka Winamp umri umeenda. Kuidaunlodi ni chini ya MB 20, kwa bando ya siku unaipata na chenji inabaki. Siku 60 unaijaribu ikiwa kamili haijafungwa kitu, baada ya hapo leseni ya mtu binafsi ni dola 60, na ukweli haijifungi, inakukumbusha tu kila ukiifungua, hapo ni wewe na dhamira yako.

Kinachonifanya niipende kwa mawazo ni huu ujanja. Unaifungua mara moja ukiwa umetulia, unaweka traki nne kama alivyosema mzee, unaziandika majina, ile ya kwanza unaiwasha taa nyekundu kabisa, unasevu kama kiolezo, halafu kwenye mpangilio wa projekti unaiambia kila projekti mpya ianze na hiki. Kuanzia siku hiyo ukiifungua unakuta meza imeshaandikwa. Ctrl na R imeanza kurekodi. Hakuna kuulizwa maswali.

Kwenye Windows bila intafesi weka ASIO4ALL, dreva ya sauti ya bure, itapunguza ucheleweshaji. Na tafadhali usichomeke gitaa la umeme moja kwa moja kwenye tundu la maiki la lepitopu kwa kiunganishi cha mia tano, sauti itatoka nyembamba kama inzi kwenye chupa. Lile tundu halikutengenezwa kwa pikapu, kile kinasa sauti cha gitaa la umeme. Ndio kazi ya intafesi, ina mlango wa gitaa wenyewe. Ila wewe una gitaa kavu kwa hiyo maiki tu, hata ya simu.

Mtoa mada

Huo ucheleweshaji ndio nini mkuu, kwa lugha ya muuza spea.

Fundi wa Mitambo

Umepiga kamba sasa hivi, kompyuta haikurudishii sauti sasa hivi. Inakusanya kwanza kikapu kijae ndio inapeleka, hicho kikapu ndio bafa. Kwa kawaida inahesabu sampuli, yani vipande vidogo vya sauti, 44,100 kila sekunde, sasa kikapu cha sampuli 512 kinajaa kwa milisekunde kama 11.6. Sauti hewani kwa muda huo inatembea kama mita nne, kwa hiyo ni kama umesimama mita nne kutoka kwenye spika yako, inavumilika. Ila hiyo ni kuingia tu, bado kutoka, na dreva za kawaida za Windows zinaongeza zao, unajikuta umesimama upande wa pili wa uwanja wa mpira huku unajaribu kwenda na mpiga ngoma.

Dawa rahisi kwa gitaa kavu, usijisikilize kupitia kompyuta. Zima kusikiliza kwenye traki unayorekodi, vaa hedifoni sikio moja, sikio lingine lisikie gitaa lenyewe chumbani. Hedifoni ni lazima lakini, ukitumia spika gitaa la kwanza linaingia tena kwenye maiki utapata supu.

*(wiki mbili baadae)*

Mtoa mada

Wakuu nimerudi na mrejesho, sikukimbia.

Nilizijaribu zote tatu, BandLab, Audacity na REAPER, na rekoda ya simu. Nikawa nashika saa kweli kama alivyosema Kamba Sita, mke wangu ndiye mshika saa, ananiambia sasa, nakurupuka kutoka kwenye kochi. Rekoda ya simu sekunde sita, nimeweka alama yake kwenye skrini ya kwanza kabisa pale ilipokuwepo ya kamera. BandLab kama ishirini hivi mtandao ukiwa na tabia njema. Lepitopu ikiwa imezimwa sitaki hata kusema, ikiwa imelala tu REAPER ikiwa wazi, sekunde tisa. Mke wangu anauliza haya mashindano yanalipa.

Kwa hiyo uamuzi wangu, mniwie radhi niliomba moja nimeondoka na mbili. Wazo linaingia kwenye simu, kila wazo, bila kujali. Dakika moja ya rekoda kwenye mpangilio wangu inakula kama MB 1, hata simu ijae vipi haiwezi kulia. Jumamosi usiku nakaa nasikiliza ya wiki nzima, mengi yanakufa hapo, afadhali yafe, yanayobaki nabadilisha jina, tarehe kwanza halafu kapo halafu kodi, mfano 0614 kapo2 G taratibu, naburuta kwenye REAPER traki ya kwanza, napiga la pili juu yake. Humo WAV ya traki moja ni kama MB 5 kwa dakika kwa hiyo nimeelewa kwanini diski ilikuwa inajaa.

Kwanini REAPER nikaiacha Audacity? Sio ubaya wa Audacity. Siku ya tatu niko katikati ya kipande kizuri mno, betri ya lepitopu yangu ilishakufa zamani inategemea ukutani, umeme ukakata. Giza. Nikakaa pale na gitaa sikusema neno. Uliporudi nafungua sijasevu projekti, tupu. Nikaingia kwenye Documents nikakuta folda limeandikwa REAPER Media, ndani faili la WAV limekaa, nikalibonyeza, nikajisikia mwenyewe napiga, halafu "mh" yangu, halafu kimya. Ilikuwa inaandika kwenye diski muda wote huo. Hapo nikawa nimeoa. Labda na Audacity ingeniokoa, Dada Besi atasema, ila mimi iliyoniokoa ni hii.

Dada Besi

Nasema kaka. Audacity nayo ukiifungua baada ya kuzimika inakuuliza kama irudishe projekti ambayo haikusevuliwa, usibonyeze kuruka. Lakini sikupokonyi mke wako.

Mtoa mada

Haha. Ila dada kuna kitu, mdogo wangu yeye nimemwekea Audacity kwenye mashine yake, gitaa la pili linachelewa kila mara hata akipiga sawasawa. Akisikiliza lipo nyuma kidogo, kama mtu anavuta mguu.

Dada Besi

Hilo halina shida. Aingie kwenye mpangilio wa sauti kuna sehemu ya kufidia ucheleweshaji, ameikuta -130 bila shaka, ndio inakuja nayo. Afanye hivi, atengeneze traki ya metronomu humohumo ndani, aweke hedifoni zimebanwa kwenye maiki kabisa, arekodi hiyo metronomu kwenye traki mpya. Halafu akuze picha mpaka aone mlio mmoja juu na mlio wake chini, apime pengo. Ule wa chini ukiwa nyuma kwa milisekunde labda 30, basi aweke -160. Ukiwa mbele apunguze kwenda kwenye sifuri. Anafanya mara moja, mpaka abadilishe mashine au hedifoni za bluetooth, ambazo hata asizitumie, zile zina uchelewaji wa kwao.

Chalii wa R

Na kile kiitikio cha mihogo kilirudi?

Mtoa mada

Chalii usiniamini. Alhamisi nimerudi kutoka dukani nasikia mtoto anaoga huko bafuni anaimba lala lala, nikasimama mlangoni, ndio chenyewe! Siku ile nilikuwa naimba kwa nguvu jikoni na yeye alikuwa anachora mezani. Nikatoa simu nikabonyeza sekunde sita. Amekibadilisha mwisho kidogo, anapanda pale mimi nilipokuwa nashuka, na kusema ukweli pale kwake pazuri zaidi.

Mzee wa Rivasi

Mpe jina kwenye kaseti.

Mtoa mada

Nimempa mzee. 0620 bafuni kapo 3.

Mdogo wangu amepima, pengo lilikuwa 46, ameweka -176, limekaa.